Bunda Kavu

Mbae hakulinyunyizia maji.

Mabunda mengine yote aliyanyunyizia. Moja tu aliliacha kavu, na hilo moja ndilo lililomfanya Karwitha asukume kikombe chake pembeni, chai ikiwa bado inafuka.

Ilikuwa asubuhi katika steji ya miraa ya Isiolo. Magari yalikuwa yamepangwa mstari, injini zinanguruma, watu wanapigiana kelele kana kwamba wote ni viziwi. Kila gari lilikuwa na ndoo ya maji. Kila ndoo ilikuwa na mtu wake, akichovya mkono na kuyarushia maji majani ya mgomba yaliyofunga miraa. Miraa ikikauka imekufa, na jua la Isiolo halimuulizi mtu ni mtoto wa nani. Mfanyabiashara wa miraa anaweza kusahau jina la mkewe. Anaweza kusahau kulipa kodi. Maji hasahau. Hata akiwa njiani kwenda kumzika mamake, atanyunyizia kwanza.

Karwitha aliyajua hayo. Alikuwa binti ya Mwongera wa Maua, na mikono yake iliingia kwenye ndoo hiyo kabla hajajua kusoma. Idara ya ujasusi huko Nairobi ilimfundisha kulenga kwa Glock, kuvunja kufuli na kuendesha pikipiki akiwa amesimama. Jicho la maji lilikuwa la babake.

Alitazama kwa pembe ya jicho. Mbae, mzee mwenye kitambi na kofia ya kufuma, alilibeba lile bunda kwa mikono miwili kama anayebeba mtoto wa mwenyewe. Akaliweka chini, kwenye sakafu ya Hilux nyeupe, akalifunika kwa gunia. Kijana mmoja mwenye miwani ya jua akapanda na kuliwekea miguu juu, kando yake kitu kirefu kimefungwa ndani ya shuka. Mtu wa ndoo alipomfuata Mbae na mkono uliolowa, Mbae aliupiga ule mkono.

"Hiyo wacha! Nimesema hiyo wacha!"

Mtu wa ndoo alimshangaa. Karwitha hakushangaa. Aliinuka, akajitanda leso ili bastola isionekane, akagusa kidude cha sikioni kilicholingana na punje ya mahindi.

"Mnara, hapa Sindano. Nimeiona ngozi."

Sauti ya Githae, mkubwa wake, ilikuja mara moja. Ilikuwa karibu mno na kipaza sauti, kama kawaida yake. "Sindano, hapa Mnara. Iko wapi?"

"Hilux nyeupe. Inatoka mjini, barabara ya Garba Tulla."

"Ifuate. Polisi wasijue. Narudia, polisi wasijue."

"Nimepokea."

Yamaha yake ilikuwa nyuma ya kibanda. Iliwaka kwa kiki ya kwanza.

Ngozi.

Ndivyo walivyoiita kwenye redio, na jina lenyewe halikuwa mbali na ukweli. Alfajiri ya siku hiyo watu wasiojulikana walivunja maabara ya Daktari Bisharo Golicha kule Chechelesi. Walimfunga askari wa lango. Waliivunja mashine yake kwa nyundo. Wakaondoka na kisanduku kimoja cha plastiki ngumu, kisichozidi ukubwa wa kitabu cha nyimbo za kanisani.

Ndani ya kisanduku kulikuwa na mifuko miwili iliyozibwa kabisa, na katika kila mfuko kitambaa cheupe, chepesi, kilichofumwa kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele. Nyuzi hizo ni za polima ambayo mwili huimeng'enya polepole mpaka inaisha. Ukikiweka kitambaa juu ya jeraha la moto, seli za ngozi hupanda juu yake kama maharagwe juu ya fito. Ngozi mpya inakua, fito zinayeyuka, na mtu anabaki na ngozi yake.

Lakini nyuzi zikiwa hivi hivi tu, seli hazizitaki. Zinateleza, kama maji juu ya jani la nduma. Kazi ya Bisharo, kazi iliyomnyima usingizi na kumwachisha mchumba, ilikuwa kwenye uso wa nyuzi hizo tu. Alizitia ndani ya mashine iliyonyonywa hewa, akawasha gesi inayong'aa rangi ya zambarau mpaka ikazibadilisha nyuso, kisha akazipaka jelatini aliyoichemsha kutoka ngozi ya ngamia wa Isiolo. Seli zikakubali. Zikashika. Wazungu walikuwa wametumia jelatini ya nguruwe, na nusu ya wagonjwa wa kaskazini wasingeikubali hata kwa mtutu wa bunduki.

Huo uso mwembamba ndio uliokuwa na thamani yote. Na ulikuwa na tabia ya bibi harusi: ukikaa kwenye joto, unaharibika.

Vitambaa viwili. Kimoja cha kifua, kimoja cha mikono.

Kifua na mikono ya Ekitela Lopeyok.

Ekitela alikuwa mwenzake. Walifanya kazi pamoja kwa muda mrefu kuliko ndoa nyingi za mjini. Hakukuwa na kufuli iliyomshinda, wala bomu lililomtetemesha. Vidole vyake vilikuwa virefu na vitulivu, na siku ambazo hakukuwa na kazi alichonga vigoda vidogo vya Kiturkana akiwa amekaa kimya, makombo ya mti yakimwangukia miguuni. Kisha ikaja siku ya lile tangi la mafuta ya magendo kule Merille. Lililipuka Karwitha akiwa amebanwa ndani ya kabini ya lori. Ekitela alirudi ndani ya moto akamtoa. Alimtoa kwa mikono hiyo hiyo.

Na Githae akasema nini? Akasema operesheni ile haikuwepo, kwa hiyo Ekitela hakuwa kazini. Neno moja tu la mkubwa, na mtu akafutwa. Hakuna ndege ya kumpeleka ng'ambo. Hakuna dawa ya Idara. Kitanda cha hospitali ya Isiolo na neti yenye matundu. Karwitha alimchukia Githae kwa hilo, akamtii vivyo hivyo. Ndivyo kazi ilivyo.

Ni Bisharo aliyesema atajaribu.

Jana yake, kabla ya kudungwa sindano ya usingizi, Ekitela alimwita Karwitha karibu.

"Hiyo kitambaa ya daktari ikipungua," alisema, "mikono kwanza."

"Haitapungua."

"Nasema ikipungua. Kifua kikioza nitakufa, sawa, watu hufa. Lakini usiniache niishi bila mikono, Karwitha. Nitakuwa nani?"

Karwitha alicheka, akamwambia anyamaze.

Sasa Ekitela alikuwa amelazwa, ngozi iliyoungua imeshaondolewa, kifua wazi, mikono wazi, na daktari wa upasuaji anangoja. Nyama iliyo wazi haingoji sana.

Karwitha akaongeza mwendo.

Lami iliisha. Vumbi likaanza. Hilux ilikuwa mbele ikirusha wingu jekundu, na dereva wa miraa huendesha kama anayefukuzwa hata asipofukuzwa. Akiendelea nyuma wangemwona. Alikata kushoto, akaingia njia ya ngamia, akapita katikati ya miiba iliyomchana leso vipande viwili. Barabara kuu huzunguka laga, ule mto mkavu usiokuwa na maji ila siku ya mafuriko. Yeye aliuvuka katikati, gurudumu la nyuma likizama mchangani na kutoka.

Alipofika barabarani tena, Hilux ilikuwa bado nyuma yake.

Akafungua mfuko wa tandiko. Akatoa mkanda wa miiba ya chuma, akaurusha barabarani, akautupia vumbi kwa buti. Akalala kifudifudi nyuma ya kichuguu.

Ikaja.

Pa! Pa!

Magurudumu ya mbele yalipasuka pamoja. Hilux ikayumba, ikapiga nusu duara, ikasimama kando ya barabara ikitoa mvuke. Kijana wa miwani aliruka nje akiwa ameshika Kalashnikov, akamimina risasi kwenye kila kichaka, kichuguu asikiguse. Karwitha alilenga mara moja. Risasi ilipiga kitako cha bunduki, ikaitupa. Kijana aliiangalia bunduki yake chini, akaiangalia mikono yake, akatimua mbio vichakani bila kugeuka nyuma.

Mbae alikuwa ameshuka, mikono juu.

"Mwari wa Mwongera!" alisema, macho yamemtoka. "Kumbe ni wewe? Si baba yako alisema unafanya kazi ya bima Nairobi?"

"Bima ndiyo hii, mzee. Sogea."

Alilitoa bunda kwenye sakafu. Majani ya mgomba yalikuwa ya moto kama chapati inayotoka jikoni. Chini yake sakafu ilikuwa inaunguza, maana giaboksi ya Hilux kuukuu hutoa joto la kupikia.

"Mzee Mbae, mbona hukuinyunyizia maji?"

"Niliambiwa isiguswe na maji. Hata tone. Eti itaharibika."

"Uliambiwa na nani?"

"Simjui, ni simu tu. Aliniambia niifunge kwa miraa, niipeleke Rapsu, kuna ndege ndogo huko karibu na mashamba."

"Na wewe ukaona ni sawa, miraa itoke Isiolo iende Rapsu, na Maua, miraa inakolimwa, iko hapo mgongoni mwa watu wa huko?"

Mbae aliangalia viatu vyake. Mzee wa rika la babake, aliyemnunulia Karwitha soda ya kwanza maishani, alikuwa anaangalia viatu vyake.

Sikioni kidude kilikwaruza.

"Sindano, hapa Mnara. Umeipata?"

"Nimeipata."

"Safi sana. Kaa hapo hapo. Niko Nanyuki, nakuja na helikopta. Usiyafungue hayo majani ya mgomba mpaka nifike."

"Nimepokea."

Karwitha alibaki amesimama na bunda mkononi. Jua lilikuwa linamchoma kisogo.

Hakuwa ametaja majani ya mgomba.

Alisema Hilux nyeupe. Alisema barabara ya Garba Tulla. Hakutaja miraa, hakumtaja Mbae, hakutaja jani lolote la mti wowote.

Alizima kidude cha sikioni, akatoa simu ya setilaiti, Thuraya, akampigia Bisharo.

"Karwitha? Sema umeipata. Wallahi sema umeipata."

"Ninayo hapa. Lakini imekaa juu ya giaboksi tangu mjini. Haikumwagiwa maji. Walimwambia dereva isiguswe na maji."

Bisharo akaanza kuongea haraka, kwa hasira ya mtu anayetaka kulia. "Ni nyuzi ndiyo haitaki maji kabla ya wakati wake! Si mfuko! Mfuko hata utupe kwa kisima hauingizi tone. Adui ni joto. Angeinyunyizia tu kama miraa ingine, ingekuwa baridi mpaka sasa. Nani alimwambia hiyo maneno?"

"Nakuuliza wewe. Ulimwambia nani isiguswe na maji?"

"Mtu mmoja tu. Mkubwa wenu, huyo Githae. Alikuja hapa maabara na mzungu mrefu, akasema ni mkaguzi. Nikaanza kumweleza, hakungoja nimalize. Wakubwa hawangojagi mtu amalize."

Karwitha alifumba macho, akafumbua. Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Aliyemfuta Ekitela kwa neno moja ndiye sasa aliyekuwa akimuuza kwa kipande, na yeye Karwitha alikuwa ametumwa kama mbwa wa kuwindia, ili kitu kikipotea isemekane alikuwepo mtu wa kukitafuta.

"Fungua kisanduku," alisema Bisharo. "Usiguse mifuko. Juu kuna kipande kidogo cha jaribio, chini kuna kingine. Viliingia mashine pamoja na vitambaa, siku moja, vinaishi na kufa navyo. Weka tone la maji juu ya kila kimoja. Uniambie."

Alivua kifuniko cha chupa yake ya maji. Akachovya ncha ya kidole.

Tone la kwanza aliliweka kwenye kipande cha juu. Likatulia kidogo, likatawanyika, likazama ndani ya nyuzi, likaacha doa tu.

"Ya juu imekunywa."

"Alhamdulillahi. Na ya chini?"

Tone la pili likasimama juu ya kipande cha chini, duara, linang'aa, limejikusanya. Aliinamisha kipande. Tone likaviringika likaanguka vumbini.

Jani la nduma.

"Ya chini imekataa," alisema.

Karwitha alimsikia Bisharo akipiga meza.

"Haifufuki?"

"Mashine ndiyo hufufua. Na mashine wameipiga nyundo. Kutengeneza ni miezi."

"Kwa hivyo kifua na mikono..."

"Hapana," alisema Bisharo. "Kifua au mikono. Leta hiyo moja, Karwitha. Ilete ikiwa baridi. Daktari amesema adhuhuri ikipita anafunga jeraha bila kitu."

Simu ikakatika.

Karwitha alimgeukia Mbae, akamweleza kwa maneno machache alichokuwa amekibeba miguuni mwa yule kijana. Hakupamba. Alimwambia kuna mtu hospitalini asiye na ngozi ya kifua.

Mzee alivua kofia.

"Mimi niliambiwa ni dawa ya wazungu."

"Helikopta inakuja. Walio ndani watataka hiki kisanduku. Wewe ndiye uliyekibeba, kwa hivyo wewe ndiye shahidi. Unafikiri watakuacha urudi steji ukatafune miraa?"

"Tukimbie basi!"

"Utakimbia na hicho kitambi mpaka wapi, mzee?"

Alifanya kazi haraka. Mfuko wenye kitambaa kizima aliutoa. Ule uliokufa aliurudisha kisandukuni pamoja na kipande chake cha jaribio, akakifunga tena ndani ya majani yake makavu, fundo lile lile. Kisha akapanda nyuma ya Hilux, akachagua bunda lililolowa kuliko yote, akaliparua, akauzika mfuko mzima katikati ya miraa mbichi, akalifunga bunda upya kama babake alivyofunga, majani yakipishana, maji yasitoke. Akalimwagia chupa yake yote. Alilifunga kwenye tandiko mahali pepo zingelipiga, maana jani lililolowa likipigwa na upepo huwa baridi kama mtungi.

Kilichobaki ni Motorola. Ilikuwa redio ya mkononi ya polisi, na polisi, askari wa wanyamapori na wanamgambo wa vijiji vyote hadi Kinna walisikiliza masafa hayo hayo. Aliiwasha, akasema Hilux ya wezi wa Chechelesi imesimama wapi. Akakibonyeza kitufe cha kuongelea, akakifunga kwa kamba ya mgomba kisiweze kuachia, akaitumbukiza redio ndani ya bunda jingine, akampakatisha Mbae.

"Kaa juu ya boneti. Wakiniulizia, nimemfuata yule kijana vichakani. Basi."

"Natetemeka, Karwitha."

"Tafuna. Mtu akitafuna hatetemeki."

Na ni kweli. Hakuna jicho kaskazini yote linaloshangaa mzee aliyepakata miraa.

Alikuwa ameshaenda mbali aliposikia mngurumo angani. Helikopta ilipita juu, upande wa kushoto, ikielekea alikotoka. Hakuinua kichwa. Pikipiki ilikuwa na redio ya pili, na waya wake sasa ulikuwa sikioni mwake, kwenye masafa ya polisi.

Kwanza kelele za mapanga ya helikopta. Kisha kukohoa kwa Mbae. Kisha ile sauti aliyoijua, iliyo karibu mno.

"Yule msichana yuko wapi?"

"Ameingia hapo msituni, bwana mkubwa. Anafuata kijana."

"Mjinga. Afadhali. Leta hilo bunda."

Majani yakachanwa. Kisanduku kikafunguka. Mtu wa pili alisema jambo kwa Kiingereza cha puani, akiomba maji. Karwitha aliliona lile tone kana kwamba yuko pale.

"Maji yanasimama," mzungu alisema. "Hii ni plastiki tupu. Umeniletea plastiki."

"Haiwezekani! Mimi mwenyewe ndiye niliyewatuma watu pale Chechelesi. Mimi mwenyewe nilisema waivunje mashine ili ibaki hii moja duniani!"

Karwitha karibu atoke barabarani. Alishika usukani.

Kisha, bila kuagizwa na yeyote, Mbae akasema. Sauti yake ilikuwa ya mzee aliyejaza miraa shavuni na aibu kifuani.

"Bwana mkubwa, nimesikia kuna mtu hospitali anangoja hii kitu. Ameungua."

"Nani, yule Ekitela?" Githae alicheka. "Huyo alishakwisha. Nilisema hakuwa kazini na watu wakaamini, na kumbe nilimtuma mimi mwenyewe, kwa mdomo huu. Sasa nipoteze mali hii kwa mtu aliyekwisha? Na wewe mzee unauliza sana."

"Huyu tunamfanyaje?" mzungu aliuliza.

Jibu halikusikika. Lilimezwa na king'ora.

Magari yalimpita Karwitha moja baada ya jingine, Land Cruiser za polisi, ya askari wa wanyamapori, na pikipiki za wanamgambo wawili wawili wakiwa wamepakata bunduki. Gari moja karibu limsukumie lagani. Dereva wake alimtolea kichwa dirishani akamfokea, "Wewe mama wa miraa, toka barabarani!"

Alitoka. Wakapita. Sikioni akasikia amri ya kulala chini, mlango wa helikopta, na Mbae akimshukuru Mungu kwa Kimeru bila kupumzika.

Adhana ya adhuhuri ilikuwa inaanza kutoka misikiti ya Wabera alipoingia mjini.

Bisharo alikuwa anangoja mlangoni, gauni la maabara limevaliwa nje ndani. Hakusalimia. Alilichana bunda, miraa ikatawanyika sakafuni, akaushika mfuko kwa viganja viwili.

"Baridi," alisema. Machozi yalimtoka. "Ni baridi kama asubuhi. Nani alikufundisha?"

"Watu wa Maua."

Alikimbia nao ndani. Karwitha akafuata mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, na hapo daktari akatokea, barakoa shingoni, mikono imeinuliwa.

"Moja tu?" aliuliza.

"Moja tu."

"Seli zake ziko tayari. Kinatosha kifua au mikono. Nikiweka kifuani, mikono siwezi kuiokoa, imeshaanza kuharibika. Nikiweka mikononi..." Alitikisa kichwa. "Ndugu zake wako Lodwar, simu haipatikani. Yeye mwenyewe amelala. Aliwahi kusema lolote?"

Karwitha alikuwa amevuka laga na miiba. Alikuwa ametazamwa na mtutu wa Kalashnikov saa chache zilizopita bila mate kumkauka. Sasa alishikilia fremu ya mlango. Kupitia kioo cha mlango aliona miguu mirefu ya Ekitela ikichungulia nje ya shuka la kijani, unyayo mweupe wa vumbi lisilotoka, na kifua kikipanda na kushuka, kikipanda na kushuka.

*Mikono kwanza.*

"Hakusema," alijibu. "Weka kifuani."

Mlango ukafungwa.

Kitambaa kilishika. Bisharo alikuja kumwambia mwenyewe baada ya siku kadhaa, macho mekundu, anacheka na kulia: seli zimepanda, zimeshikana, ngozi ya kweli inakuja. Watu wa magazeti walikuwa wakimpigia simu. Githae na mzungu wake walikuwa rumande. Nairobi walikuwa wamekumbuka ghafla kwamba Ekitela alikuwa kazini, wakamtumia shada la maua ya plastiki.

Karwitha aliketi kando ya kitanda mpaka Ekitela alipofumbua macho sawasawa.

Ekitela hakuuliza kuhusu Githae. Alikitazama kifua chake kilichofungwa. Kisha akatazama mahali bendeji zilipoishia, chini kidogo ya viwiko. Alitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma ubao wa lugha asiyoijua.

"Nilikuambia nini?"

"Mikono kwanza."

"Na wewe?"

"Nikasema kifua."

"Kwa nini?"

"Nilitaka uishi."

"Ulitaka," alisema Ekitela. "Wewe ulitaka."

Akageuza uso ukutani. Karwitha alingoja aseme neno lingine, hata tusi. Mgongo wake ulikuwa unapumua vizuri.

Akainuka. Akavaa miwani yake ya jua, akatoka.

Nje simu ililia. Sauti ilikuwa mpya, ya mama mmoja wa ofisini aliyeitwa Wakiuru, aliyekalishwa juzi kwenye kiti cha Githae.

"Sindano, hapa Mnara. Hongera sana kwa kazi. Kuna jambo Moyale, la haraka. Mwenzako atakuwa tayari lini?"

"Mwenzangu hakuwa kazini," Karwitha alisema.

"Sijakuelewa. Sindano? Narudia, sijakuelewa."

Alikata simu. Yamaha iliwaka kwa kiki ya kwanza.

Aliishika barabara ya Moyale peke yake, nayo ikampitisha kwenye steji ya miraa. Jua lilikuwa kali, ndoo zilikuwa zimejaa, na Mbae, aliyeachiliwa awe shahidi, alikuwa katikati ya mabunda yake akinyunyizia kila moja mara mbili, haachi hata moja. Alipomwona alinyoosha mkono juu kumpungia. Karwitha aliutazama ule mkono, vidole vyote vitano, maji yakidondoka kwenye ncha zake, akapita.